Asili ya Sabuni ya Asili

Ukiingia katika maduka ya Mji Mkongwe wa Unguja utakuta vipande vya sabuni vilivyotengenezwa kwa mkono, vya mwani, vya karafuu, vya mchaichai, vya manjano, na karibu kila kimoja kinajinadi kwa neno moja: asili. Neno hilo limebeba mzigo mkubwa kuliko linavyoonekana. Halisemi tu kwamba sabuni imetokana na mimea. Linadai pia kwamba ina usafi fulani wa kimaadili, kwamba anayeiogea anarudi mahali ambapo mkono wa binadamu haujaharibu kitu. Dai hilo ni la kidini hata pale ambapo muuzaji na mnunuzi hawamtaji Mungu, kwa sababu linaugawa ulimwengu mafungu mawili: kilicho safi kwa kuumbwa, na kilicho najisi kwa kutengenezwa. Naamini mgawanyo huo ni makosa, na sabuni yenyewe ndiyo shahidi mzuri wa kuupinga. Lakini sitaki kulitupa neno asili. Nataka kulirudishia maana yake ya Kiswahili, ambayo ni kali zaidi, na yenye haki zaidi, kuliko ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya kufungia.

Tuanze na kazi yenyewe. Mafuta ya nazi peke yake hayaoshi. Ukijipaka, ngozi hung'aa na vumbi hushika. Kostiki soda peke yake nayo haioshi. Hula ngozi, hutoboa nguo, na ikiingia jichoni huweza kupofusha. Fundi huanza kwa kuipima kwa mizani, maana hapa hakuna kukadiria kwa kijiko: kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 183 za kostiki ili mafuta yote yageuke sabuni, ilhali kilo ya mafuta ya zeituni huhitaji kama gramu 135 tu. Wengi huipunguza kidogo, kama asilimia 5, ili yabaki mafuta ya kulainisha ngozi. Kostiki hutiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki, kwa kuwa joto linalotoka hapo huweza kurusha mchanganyiko usoni. Maji hayo makali yakishapoa hukutanishwa na mafuta. Fundi hukoroga mpaka mchanganyiko ushike uzito wa uji, akaumimina kwenye kasha, akaukata kesho yake, akauacha ukomae wiki nne hadi sita. Ukivichunguza vipande hivyo mwishoni, kostiki haimo tena, na sehemu kubwa ya mafuta haimo tena. Kilichomo ni kitu cha tatu, pamoja na glisirini iliyozaliwa nacho. Kitu hicho kina ncha moja inayoandamana na maji na ncha nyingine inayoshika mafuta, ndiyo maana kinaweza kuung'oa uchafu unaoyakataa maji matupu. Hakikuwamo kwenye nazi wala kwenye kostiki. Kimetokea vilipokutana, na aliyevikutanisha ni mtu.

Kwa hiyo maneno "haina kemikali", yanayoandikwa kwenye sabuni nyingi za mkono, si kweli na hayawezi kuwa kweli. Pasipo alkali hakuna sabuni. Wako watakaojibu kwamba kostiki ya kiwandani ndiyo doa, na kwamba wazee walitumia majivu. Ni kweli walitumia. Plinius wa Roma, aliyeandika katika karne ya kwanza, aliwataja watu wa Gali wakichanganya shahamu na majivu. Sabuni nyeusi ya Ghana na Nigeria mpaka leo hupikwa kwa majivu ya maganda ya kakao na ya ndizi. Mafundi wa Nablus huko Palestina na wa Halab huko Syria, ambao ufundi wao uliingizwa na UNESCO mwaka 2024 katika orodha ya urithi wa binadamu, kwa karne nyingi walipata alkali yao kutokana na mimea ya jangwani iliyochomwa, kabla ya kuhamia kostiki. Lakini majivu nayo ni kazi ya moto, na moto umewashwa na mtu. Mwaka 1791 Mfaransa Nicolas Leblanc alipata hataza ya kutengeneza soda kutokana na chumvi ya kawaida, na kostiki ya leo hupatikana kwa kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi. Anayesema majivu ni ya asili na kostiki si ya asili anapaswa kutueleza kwa nini moto umeruhusiwa na umeme umekatazwa, hali chumvi na mti vyote vimeumbwa. Sijaona jibu zaidi ya kwamba moto tumeuzoea.

Pingamizi zito zaidi ni hili: ipo mimea inayotoa povu bila moto wala kostiki, na dini yenyewe imeitumia. Waislamu wa pwani, kama wenzao kwingineko, humwosha maiti kwa maji yaliyotiwa majani ya mkunazi yaliyopondwa, wakifuata hadithi ya Ummu Atiyya, ambamo Mtume aliwaagiza wanawake waliomwosha binti yake watumie maji na mkunazi, na katika mara ya mwisho watie kafuri. Je, hapa si ufunuo wenyewe umechagua jani badala ya kitu cha kupikwa? Naliheshimu jani la mkunazi, na sioni sababu ya kulibadilisha katika josho la mwisho la mtu. Ila lisitumike kuthibitisha kwamba kisichopikwa hakina madhara. Mwaka 1964 mwanasayansi wa Ethiopia, Aklilu Lemma, aliona huko Adwa kwamba konokono wa majini walikuwa wamekufa kwa wingi karibu na mahali ambapo wanawake walifulia nguo kwa matunda ya mmea uitwao endodi. Konokono hao ndio wanaobeba vimelea vya kichocho, na ugunduzi huo ukafungua njia ya kupambana na ugonjwa kwa mmea wa kienyeji. Povu lile lile lililotakatisha shuka ndilo lililoua, na haliwaui konokono peke yao. Samaki nao hufa. Mmea haujui nani adui na nani rafiki. Zebaki nayo imeumbwa, hutoka ardhini, lakini ikitiwa kwenye sabuni za kujichubua huharibu figo. Ndiyo sababu Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulivitaja vipodozi vyenye zebaki, sabuni hizo zikiwamo, miongoni mwa bidhaa za kuondolewa sokoni ifikapo 2020. Mwenye kutafuta usalama wa ngozi aulize kipimo. Neno asili halitamsaidia.

Kama ni hivyo, neno lina kazi gani? Hapa ndipo Kiswahili kinapotufaa. Maumbile, kwetu, ni vile kitu kilivyoumbwa, na mwili wa binadamu umo ndani yake pamoja na mikono yake. Nalo neno asili, tulilolipata kutoka Kiarabu, maana yake ni shina, chimbuko, mwanzo wa jambo. Tunapomwuliza mtu asili yake hatuulizi kama ameguswa au hajaguswa. Tunauliza ametoka wapi, ni wa nani, wazee wake walifikaje hapa. Jibu zuri la swali hilo ni nasaba, yaani masimulizi ya kweli yanayotaja watu na mahali. Ni soko, tena soko la juzi tu, lililoligeuza neno hili kuwa sifa ya kutokuguswa, kana kwamba kitu chenye asili ni kitu kisicho na historia. Kwa Mswahili maana hiyo imekaa kichwa chini miguu juu: asiye na historia ndiye asiye na asili.

Tukichukua kipande kimoja cha sabuni ya mwani na karafuu na kukiuliza swali hilo la Kiswahili, kinatujibu mengi. Mnazi uliotoa mafuta ulifika pwani hii kwa wasafiri wa Bahari ya Hindi, karne nyingi nyuma. Mkarafuu ni wa visiwa vya Maluku, ambavyo leo ni sehemu ya Indonesia. Wafaransa waliuhamishia Mauritius na Réunion, na mwanzoni mwa karne ya 19 ukaletwa Unguja, kisha Pemba. Mashamba yaliyoifanya Zanzibar isifike duniani kwa karafuu yalilimwa na watumwa waliokamatwa bara, na hali ya utumwa haikufutwa kisheria visiwani mpaka mwaka 1897. Kilimo cha mwani wa kuuza kilianza mwaka 1989 upande wa mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Kwa kipimo cha soko, basi, ndani ya kipande hiki hakuna kitu cha asili hata kimoja: kila kilichomo ni mgeni, kila kimoja kimeletwa kwa jahazi au kwa ndege, kikapandwa na mkono wa mtu. Kwa kipimo chetu kina asili ndefu na nzito, ambamo mna biashara, maarifa, jasho na pingu. Ni kipimo kipi kati ya hivi viwili kinachomwambia mnunuzi ukweli?

Swali la kitu na asili yake si jipya kwa wanazuoni. Mafakihi wa Kiislamu wamelijadili kwa zaidi ya miaka elfu chini ya neno istihala, yaani kugeuka kwa kitu kikawa kingine. Wakauliza: mafuta yaliyonajisika yakipikwa yakawa sabuni, je, sabuni hiyo ni najisi au ni tohara? Madhehebu ya Hanafi, na Ibn Abidin wa Damascus aliyefariki mwaka 1836 ni miongoni mwa walioieleza mas'ala hii kwa urefu, yalikubali kwamba ni tohara, kwa sababu hukumu ya unajisi iliwekewa kitu fulani chenye jina na sifa zake. Kitu hicho kikiondoka, na jina lake likaondoka, hukumu nayo inaondoka. Mfano wao mashuhuri ni mnyama aliyeangukia kwenye machimbo ya chumvi akageuka chumvi: kilichopo sasa ni chumvi. Wanazuoni wa Shafi, madhehebu yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, walibana zaidi. Kwao najisi haitoharishwi na kugeuka, isipokuwa katika mambo machache, kama divai inayogeuka siki yenyewe na ngozi ya mzoga inayodabighiwa, yaani inayosindikwa. Kitu kinabaki na asili yake hata kikibadilika sura. Mtu anaweza kudhani huu ni ubishi wa vitabuni usio na faida. Mimi naona ndani yake uangalifu ambao soko letu limeupoteza: Mhanafi anauliza kitu kimekuwa nini sasa, Mshafi anauliza kimetoka wapi, na kila mmoja anajua ni swali gani analouliza.

Msimamo wangu ni kwamba maswali yote mawili ni ya haki, ila kila moja lina mahali pake. Kuhusu umbo la kitu, kugeuka kunafuta. Kostiki iliyokwisha kugeuka sabuni si kostiki tena, na kumtisha mnunuzi kwamba "ndani mna kostiki" ni kumdanganya sawa na kumwambia "haina kemikali". Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyechapisha utafiti wake wa mafuta mwaka 1823, alionyesha yanayotokea pale mafuta yanapokutana na alkali, na tangu hapo hatuna udhuru wa kubabaika. Kuhusu matendo, kugeuka hakufuti kitu. Dhuluma iliyoingia kwenye kasha la sabuni haina alkali ya kuiyeyusha. Inatoka upande wa pili ikiwa dhuluma ile ile, inanukia karafuu. Nabii Yeremia, katika sura ya pili ya kitabu chake, aliwaambia watu wake kwamba hata wajioshe kwa magadi na kutumia sabuni nyingi, uovu wao ungali umeandikwa. Msomaji wa Afrika Mashariki analielewa neno magadi bila kufasiriwa. Ziwa lenye jina hilo liko Kenya, na jirani yake Natron liko Tanzania. Nabii alichagua visafishaji vikali zaidi vya zama zake ili aseme kwamba kuna doa lisilo la ngozi.

Ushahidi wa jambo hili hauko mbali. William Lever alianza kuuza sabuni ya Sunlight huko Uingereza mwaka 1884, na miaka michache baadaye akawajengea wafanyakazi wake kijiji cha Port Sunlight, chenye nyumba nzuri na bustani, ambacho watu bado wanakwenda kukitazama. Mwaka 1911 alikubaliana na serikali ya Ubelgiji apewe haki ya kuvuna michikichi Kongo katika maeneo ambayo yangeweza kufika hekta 750,000. Makao ya mradi huo kule Kwilu yaliitwa Leverville. Leo ni Lusanga. Watu walilazimishwa kupanda michikichi kukata mikungu, kwa kodi, kwa vitisho vya maofisa, kwa adhabu. Mwaka 1931 Wapende wa eneo hilo waliasi, na mamia yao waliuawa uasi ulipozimwa. Mawese waliyoyatoa ni mafuta ya asili kwa kila maana ambayo soko linaweza kuitaka: mti wa Afrika, katika ardhi ya Afrika, tunda lililoiva kwa jua. Tena mikungu ile ilikatwa kwa mkono. Kama usafi wa sabuni ungekuwa katika mmea, sabuni ile ingekuwa safi kuliko zote. Haikuwa safi, na kisichokuwa safi ndani yake hakionekani kwa darubini yoyote.

Najua fakihi anaweza kunizuia hapa. Atasema nimechanganya milango miwili, kwamba mlango wa tohara unahusu najisi kama damu na mkojo, wala si dhuluma, na kwamba sabuni iliyoibwa inaosha sawa na iliyonunuliwa. Hoja yake ni sahihi, nami naichukua kama ilivyo, kwa sababu mafakihi wenyewe wameiendeleza. Waliuliza kuhusu mtu anayetawadha kwa maji aliyomnyang'anya mwenzake. Wanazuoni walio wengi, Mashafi wakiwamo, walisema udhu wake unasihi, ila amepata dhambi na maji ya watu ni deni juu yake. Mahambali katika kauli yao mashuhuri walisema hata udhu wenyewe hausihi. Hakuna aliyesema kwamba, kwa kuwa maji yameosha viungo, wizi umeisha. Kwa maneno mengine, hata walioitenga milango hiyo miwili hawakuufunga wowote. Hicho ndicho ninachokidai kwa sabuni. Iache kemia iseme kama kipande kinafaa kwa ngozi, kisha mlango wa pili ubaki wazi, ule wa nani alilipwa na nani alinyimwa. Qurani inapowaruhusu watu kula vilivyomo ardhini inataja sifa mbili pamoja, vya halali na vizuri, na sioni kwa nini anayejipaka kitu mwilini atosheke na moja.

Mwingine atauliza kama nataka kumhukumu fundi wa leo wa Pemba kwa pingu za karne ya 19. Hapana. Dhambi hairithiwi kwa kulima mti ule ule, na wajukuu wa waliofungwa pingu wana haki kuliko mtu yeyote ya kupata riziki katika mkarafuu. Ninachokataa ni karatasi ya kufungia inayoimba habari za kisiwa cha viungo kana kwamba viungo viliota vyenyewe peponi. Kueleza historia si kujilaani. Ni sehemu ya amana kati ya muuzaji na mnunuzi, kama kupima uzito kwa haki. Kumficha mtumwa ili karafuu ionekane safi ni kumdhulumu mara ya pili, na hilo si la karne ya 19, ni la sasa.

Liko pingamizi jingine ambalo mimi mwenyewe huona ndilo gumu kuliko yote. Mama wa Buguruni au Kibera mwenye watoto watano hununua mche wa sabuni au kipande kilichokatwa dukani, kwa sababu ndicho anachokimudu, na kwa kipande hicho watoto wake wanaepuka kuhara na upele. Sabuni ya mkono yenye mwani na mafuta ya karafuu hailingani na mfuko wake. Je, mazungumzo yote haya ya asili si anasa ya watalii? Najibu kwamba ingekuwa anasa kama ningedai sabuni ya mkono ni bora kwa sababu ni ya mkono. Sidai hivyo. Sabuni ya kiwandani iliyotengenezwa kwa haki ina asili njema kuliko ya mkono iliyotengenezwa kwa uongo, na mche unaomfikia mtoto wa maskini kabla hajala ni neema ya Mungu isiyopaswa kubezwa na mwenye kuogea mchaichai. Faida ya kazi ya mkono ni nyingine, nayo ni ndogo lakini ya kweli: inaufupisha mwendo kati ya anayeosha na aliyetengeneza. Mawese yaliyogeuzwa sabuni Kigoma na kuuzwa Kigoma yana nasaba inayoweza kusimuliwa kwa pumzi moja. Sabuni iliyopita bandari sita ina nasaba pia, ila ni rahisi ndani yake kumpoteza mtu njiani bila yeyote kugundua. Kazi ya mkono inaondoa udhuru wa kutojua, basi. Mtengenezaji mdogo asiyejua mwani wake umelimwa na nani ameikataa faida pekee aliyokuwa nayo.

Na tuutazame mwani huo, kwa kuwa ndio unaotajwa sana. Wakulima wake wengi ni wanawake. Hushuka pwani wakati wa bamvua, bahari inapokwenda mbali, wakafunga vijiti vya mwani kwenye kamba zilizonyooshwa baina ya vigingi, na baada ya wiki kama sita wakavuna, wakabeba kichwani, wakaanika. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mwani mkavu imesafirishwa nje kutengeneza kile kinachozipa uzito aiskrimu na dawa ya meno, na bei ya kilo imebaki duni. Juu ya hayo, bahari imepata joto: aina inayoitwa kotoni, yenye bei nzuri zaidi, imekuwa ikiugua na kufa katika maji ya kina kifupi, na wengi wamebaki na spinosamu, ambayo ni rahisi kukua na rahisi kwa bei pia. Kwa hiyo kina mama waliosaga mwani wao wakautia kwenye sabuni ya nazi hawakuwa wakifuata mtindo. Walikuwa wakitafuta thamani iliyokuwa ikiondoka na magunia. Hiyo ndiyo asili ya sabuni ya mwani, na ina heshima kubwa kuliko picha ya jani la kijani kwenye kifuniko. Anayetaka kuongozwa na maumbile ana funzo hapo hapo: bamvua haliharakishwi, mwani haukui kabla ya wiki zake, na sabuni iliyoondolewa kabla ya kukomaa huwa laini, huisha upesi, na huenda bado ikawa kali kwa ngozi. Fundi anayesubiri sabuni yake ikomae anafanya jambo la kidini, ajue asijue, kwa sababu amekubali kwamba si yeye anayepanga muda wa kila kitu.

Kinachodaiwa kwake baada ya hapo si kikubwa. Aandike kwenye kifungashio kwamba ametumia kostiki soda na kwamba imekwisha kugeuka. Ataje mafuta yametoka wapi. Ataje kijiji cha mwani, na amlipe mkulima bei inayomwezesha kununua sabuni hiyo hiyo. Asiseme haina kemikali. Nawe msomaji, safari ijayo ukikishika kipande kilichoandikwa asili, kinuse kwanza, kisha mwulize muuzaji swali ambalo Kiswahili kimekuwa kikiuliza siku zote: asili yake wapi, na waliokifanya walipata nini? Akikujibu kwa majina ya watu na mahali, nunua. Akikujibu kwa majina ya maua tu, mwulize tena.